Kadi ya Mbwa Aliyekufa

Ndugu zangu mnaofuga na msiofuga, sogeeni karibu. Jambo hili lilitokea kwenye nyumba iliyopakwa rangi vizuri kuliko za wengi wetu.

Ilikuwa nyumba ya fundi cherehani aliyeshona sare za walinzi. Siku aliyojishonea moja na kwenda nayo sokoni, watu walimwita Meja, na jina likamkaa kama ngozi. Asubuhi yeye alikata vitambaa ndani, mkewe akatia vifungo barazani, redio ikiimba kwa sauti ya chini. Walikuwa na miaka kumi na minane ya ndoa, hawakujaliwa mtoto, na waliitana "mwenzangu". Ukipita hapo ungesema, hawa wamepata.

Lakini uani kulikuwa na mnyororo, na kwenye mnyororo kulikuwa na mbwa aliyeitwa Kamanda.

Meja alimlea Kamanda kwa njaa na fimbo. Alisema mbwa akishiba anakuwa paka. Siku moja mbwa koko aliingia uani akipepesuka, mate yakimtiririka. Wewe na mimi tungefunga mlango tukamwita bwana mifugo. Meja alivuta kiti, akamfungulia Kamanda, akakaa kutazama. Koko alitoka akichechemea, Kamanda akabaki na jeraha shingoni, na wateja wakasimuliwa pambano hilo wiki nzima.

Mwezi mmoja baadaye, msusi wa nyumba ya tatu alipata wazo. Alikuwa na kimbwa cheupe, Pamba, na ua wenye ukuta nyuma ya saluni yake. Aliona mbwa wa mtaa wanakuwa wakali kwa upweke, akaamua Jumamosi asubuhi awakutanishe wacheze. Akabandika karatasi getini: kila mbwa na kadi ya chanjo, kila mbwa na kamba yake, watembezwe wawili wawili mpaka wazoeane ndipo wafunguliwe, wadogo wacheze na wadogo, mifupa hapana, mgonjwa abaki kwao.

"Siku hizi mbwa wanaalikana," Meja alimwambia mkewe. "Kesho watachangishana harusi."

"Usimpeleke, mwenzangu. Tangu juzi hali chakula. Sauti imemkauka kama aliyemeza mchanga."

"Ndiyo kwanza ameiva."

"Na mate yanamtoka."

"Anatamani nyama. Wewe tia vifungo."

Sasa kuhusu kadi. Kamanda hakuwahi kuchanjwa. Siku chanjo ilipotolewa bure kwenye uwanja wa shule, Meja alisema hawezi kupanga foleni na vimbwa vya kwenye makochi. Kadi aliyokuwa nayo ilikuwa ya mbwa wake wa zamani, aliyekufa miaka miwili nyuma. Alikwangua tarehe kwa wembe, akaandika nyingine.

Jumamosi mbwa sita walikuwa wakikimbizana uani kwa msusi, mikia juu, wenye mbwa wakicheka. Meja akatokea getini na sare yake, Kamanda mbele, mkewe nyuma.

"Shemeji, subiri hapo nje kwanza," msusi alisema akiitazama kadi. "Wadogo wamalize. Mbona huyu anatetemeka hivyo?"

"Hasira hiyo. Mnaogopa nini?" Meja akasema, akafungua kamba.

Kamanda hakubweka. Alikwenda moja kwa moja kwa Pamba. Mke wa Meja, aliyekuwa karibu zaidi, alimnyanyua Pamba kifuani, na meno yakaishia kwenye mkono wake. Wanaume wawili na ufagio ndio waliomwachisha.

Mtu mmoja alicheka, labda kwa woga. "Meja ameshindwa na jeshi lake." Kicheko hicho kilimchoma Meja kuliko damu ya mkewe. Akamburuta Kamanda mpaka kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba yake, akampiga kwa bomba la chuma mpaka akanyamaza, akamfukia bila mtu kuona.

Msusi ndiye aliyeosha lile jeraha kwa maji ya bomba na sabuni robo saa nzima, na ndiye aliyempeleka dada wa watu zahanati. Meja aliwakuta huko.

"Mbwa amechanjwa?" muuguzi aliuliza.

Meja akatoa kadi.

"Yuko wapi sasa?"

Msusi alikuwa akimtazama. Meja akajiona akitajwa saluni mwaka mzima. "Nyumbani. Nimemfunga."

"Basi mwangalieni siku kumi. Akibadilika au akifa, mrudi siku hiyohiyo. Msingoje kesho."

Nyumbani mkewe aliukuta mnyororo mtupu. Meja akamwambia kaka yake ndiye aliyekuja kumchukua Kamanda, amwangalie kwake. Tangu hapo kila asubuhi mkewe aliuliza, "Anaendeleaje?" na kila asubuhi Meja alijibu, "Anakula kama mwenye nyumba." Siku ya kumi mama wa watu alimshukuru Mungu, akaoga, akarudi kwenye vifungo vyake. Meja naye, niamini, alipumua. Uongo ukisemwa mara kumi humdanganya hata mwenyewe.

Wiki ya sita kovu la mkewe lilianza kumwasha. Kisha homa. Kisha akaomba maji, na kikombe kilipomkaribia mdomoni koo likamkaba, akakirusha ukutani huku akilia kwa kiu.

Hospitalini daktari alimvuta Meja pembeni. "Ni kichaa cha mbwa. Mgonjwa akishafika hapa hatuna dawa ya kumrudisha."

"Na kama siku ile zahanati wangejua mbwa hakuchanjwa?"

"Angechomwa sindano, akarudi nyumbani."

Meja aliingia wodini. Mkewe alikuwa amefungwa kitandani kwa shuka asijiumize, lakini akili ilikuwa imemrudia kidogo. Meja akamwambia yote: kadi, bomba, shimo.

"Nilikuuliza kila siku," mkewe alisema.

"Niliona watanicheka."

Mkewe akageuza uso ukutani. Alikufa keshokutwa yake, na katika siku hizo mbili hakumwita tena mwenzangu.

Msusi, aliyekwisha kusikia habari ya kadi na shimo, alifika msibani, akakaa na wanawake, akaondoka bila kumpa Meja mkono. Hakuna aliyemcheka. Walinzi walihamishia sare zao kwa fundi mwingine, na Meja bado yuko katika nyumba ile ile, anaanza kukata kitambaa, anasahau alikuwa anapima nini.

FUNZO

Ndugu zangu, mbwa kucheza na mbwa si upuuzi. Mkitaka kuwakutanisha, fanyeni kama msusi, na masharti ya getini yafuateni. Mnyama anayeteswa hawi mlinzi, ni hatari iliyofungwa mnyororo. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha kimbilia hospitali siku hiyohiyo, na useme kweli yote hata kama inakuaibisha. Aibu ya Meja ingeisha kwa wiki moja ya maneno ya mtaani. Alichokikwepa ni kicheko. Alichokipata ni kaburi la mkewe, na hakuna wa kumlaumu ila yeye.