Jina la Papa Mukwe Lilinipeleka Buloko

Nina miaka ishirini na sita. Ninakaa Mapendo, hapa Goma, katika chumba kimoja cha mbao, na ninauza bugali na maharagi kwa watu wa kazi. Bwana sina. Mutoto ninaye, lakini hakai kwangu... Musifikiri ninaandika haya ili munihurumie! Ninaandika kwa sababu nina hasira, na hasira hii imekaa ndani yangu tangu mwaka wa 1953 bila kupata mulango wa kutokea.

Mimi ni mutoto wa milima ya Masisi. Kwetu tunasema Kinyarwanda, tunalima, tunachunga ng'ombe, na siku ya Mungu tunakwenda misa. Nilipofika miaka kumi na nane, kijana mumoja jina lake Faustin alimuletea papa yangu ng'ombe, tukafunga ndoa, akanipeleka Murara, mutaa mwingine wa hapa Goma. Alikuwa karani mudogo kwenye depo ya kahawa. Tulikaa parseli moja, ndiyo kiwanja kimoja, na wazazi wake, nyumba yao mbele, yetu nyuma. Mungu akatupa binti, tukamuita Furaha.

Sasa ninyi ambao si wa kwetu, sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipoangukia. Kwetu muke aliyeolewa hataji jina la papa mukwe wake. Hata akiwa peke yake shambani! Hata kitu chenye jina linalofanana na lake, hakitaji. Papa mukwe wangu aliitwa Semuhoro. Leo ninaliandika bila woga. Na muhoro munajua ni nini, ni kile chuma cha kukatia nyasi. Basi miaka yote niliyokaa kwake sikusema "muhoro". Nilisema "cha kukatia", watoto wa jirani wakanicheka, mimi nikaona ni heshima. Mama yangu alinifundisha hivyo. Muke anayetaja jina hilo ameitukana nyumba nzima, na anarudishwa kwao na aibu.

Muzee huyo alikuwa akipika kanyanga, ile pombe kali ambayo serikali imekataza. Alipikia wapi? Nyuma ya jiko langu! Nilimulalamikia Faustin, nikamuambia siku moja itatuletea shida. Akanijibu kwamba kiwanja ni cha papa yake, na mimi nilikuja kuolewa, sikuja kutawala.

Asubuhi moja polisi wakaingia. Papa mukwe alikuwa amekwenda sokoni, mama mukwe alikuwa mugonjwa kitandani. Mimi nilikuwa ninapuliza moto wa maharagi, Furaha mugongoni. Wakatoa pipa, wakatoa mirija, wakauliza jiko hili ni la nani. Nikasema ni langu. Basi, wakanichukua!

Faustin akanifuata mpaka polisi. Aliniambia ninyamaze kwanza, nisifanye fujo, kwa sababu papa yake ameahidi kujisema mwenyewe mbele ya juji kwamba pombe ni yake. Nikamuamini. Kwa nini nisimuamini? Alikuwa bwana yangu.

Siku ya kesi, kwenye tribinali, juji alikuwa muzungu kijana, na mutu wa kumutafsiria alitoka Kasai, mbali sana, hakujua lolote juu ya desturi zetu. Kwa Kiswahili changu kidogo nikasema pipa ni la papa mukwe. Papa mukwe akasimama, koti safi, kofia mukononi, akasema kwa sauti ya upole kwamba yeye ni mukristo, kanyanga haijui, labda binti wa milimani amekuja na mazoea ya kwao...

Nikasema tena kwamba pipa ni lake.

Juji akasema kama ninamushitaki mutu huyo, nimutaje kwa jina lake mbele ya wote, waandike, na kesi yake itasikilizwa. Neno moja tu! Kinywa changu kikafunguka, hakuna kilichotoka. Nikamuangalia Faustin. Yeye ni mutoto wa kiume, jina la papa yake anaweza kulitaja saa yoyote, hakuna anayemukataza. Faustin akaangalia viatu vyake. Juji akarudia, mutafsiri akarudia, watu wakaanza kunong'ona. Mimi kimya. Wakahesabu kimya changu kuwa uongo, nikapewa mwaka mumoja na nusu wa buloko, ndiyo gereza.

Nani alinifunga mudomo? Hakuna! Hakuna mutu aliyeniwekea mukono kinywani. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Furaha alikuwa anaanza tu kuacha kunyonya. Mama mukwe akamutoa mugongoni mwangu pale pale nje ya tribinali, kwa kuwa mutoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe. Alilia mpaka nikaacha kumusikia.

Buloko, wandugu, si mahali pa kufa tu, ni mahali pa kuchoka. Wanawake tulikaa chumba kimoja nyuma ya jiko. Asubuhi tunahesabiwa, tunakunywa uji usio na sukari, halafu kazi. Tunatwanga mahindi ya wafungwa wote, tunachagua mawe ndani ya maharagi, tunafua nguo za wanaume kwenye ziwa huku polisi amesimama juu ya mawe meusi ya volkano na bunduki yake. Mawe hayo yanakata miguu. Siku zingine tulikata nyasi kando ya barabara za wazungu. Mulinzi akiuliza kila mutu anataka chombo gani, wenzangu wanasema muhoro, mimi ninasema "cha kukatia". Hata humo! Mutu aliyenifunga amekaa kwake anakula vizuri, na mimi bado ninalinda jina lake!

Aliyenicheka zaidi ni Kavira, mama wa Kinande kutoka Butembo, mufanyabiashara wa mafuta ya mawese, aliyefungwa kwa kumupiga mutoza kodi sokoni. Huyo mama alikuwa na mudomo! Mimi Kiswahili sikukijua vizuri wakati ule, nilijua cha kununua chumvi tu. Kavira ndiye aliyenifundisha, tukitwanga. Akisema neno, ninalirudia, muchi unashuka. Nikikosea ananitukana. Nilimuchukia sana miezi ya kwanza, lazima niseme kweli. Lakini kidogo kidogo nikaanza kujibu. Nikajifunza kumuomba mulinzi dawa bila kutetemeka. Nikajifunza kusema "hapana" kwa mupishi mukuu aliyezoea kupunguza chakula cha wanawake, na siku hiyo sahani zetu zikajaa. Ninyi mutaona ni jambo dogo. Mimi maisha yangu yote sikuwahi kusema hapana kwa mwanaume!

Masista walikuja siku za Mungu, wakatufundisha kusoma. Hivyo ndivyo nilivyopata hata haya maandishi.

Mwanzoni Faustin alikuja kuniona, akaleta ndizi na habari za mutoto. Nikimuuliza papa yake atajisema lini, anasema nivumilie, muzee ana presha, mambo yatatengenezwa. Nikavumilia. Halafu akaanza kuruka siku. Halafu akaacha kabisa.

Aliyekuja ni jirani yetu wa Murara, Mama Yozefina. Alikaa, anazungusha kitambaa chake vidoleni. Akaniambia kwamba Faustin ameleta muke mwingine nyumbani, na Furaha anamuita mama. Akaniambia na jingine. Kabla ya tribinali, akiwa anaanika nguo, alisikia papa mukwe anamutuliza Faustin kiwanjani. Maneno yenyewe yalikuwa haya:

"Acha woga. Yule binti hawezi kutaja jina langu."

Nikamuuliza Faustin alijibu nini.

"Alisema, 'Ni kweli, papa.'"

Munasikia? Walijua! Waliitegemea heshima yangu kama mutu anavyotegemea kamba ya kufungia mbuzi! Siku ile sikulia. Nilirudi kwenye kinu, nikakipiga teke, mahindi yote yakamwagika kwenye vumbi, nikanyimwa kutembelewa mwezi muzima. Nani angekuja hata hivyo?

Kavira alikusanya mahindi pamoja nami, punje kwa punje, bila kunitukana. Halafu akaniambia nilitaje hilo jina. Nikakataa. Kesho yake akaniambia tena. Nilijaribu, nikatapika uji wangu, kweli kabisa! Wanawake wengine wakamuambia aniache. Hakuniacha. Na siku moja, muchi ukishuka, likatoka: Semuhoro. Nikangoja. Anga halikuanguka. Mulinzi alikuwa anachokoa meno yake, hakugeuka hata. Nilicheka, halafu nikaona nimekaa chini ninalia, kwa maana neno lenyewe lilikuwa dogo namna hiyo... na lilikuwa limenigharimu mutoto wangu.

Nilipotoka nilikwenda Murara moja kwa moja, hata kuoga sikuoga. Papa mukwe alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba. Muke mupya alisimama mulangoni, na nyuma ya kitambaa chake nikaona jicho moja la mutoto. Furaha wangu! Nikapiga magoti, nikanyosha mikono. Akajificha. Nikamuita kwa majina yote niliyokuwa nikimuita akiwa mugongoni, akaanza kulia kwa kuniogopa mimi. Faustin hakutoka ndani. Muzee akaniambia kwa upole wake ule ule kwamba mutoto hapewi mutu wa buloko.

Sikupiga kelele. Nilikwenda kwa wazee wanaosikiliza kesi za ndoa na ng'ombe, nikashitaki. Siku ilipofika kiwanja kilijaa. Nikasimama, nikasema kwa sauti ambayo nilijifunza kwenye kinu:

"Kanyanga ilikuwa ya Semuhoro. Nilifungwa kwa ajili ya Semuhoro. Ninataka mutoto wangu."

Wazee wawili walisimama na kuondoka. Wanawake wakaziba masikio. Nilidhani sasa ukweli umetoka, watamuuliza yeye! Munafikiri walimuuliza? Hata kidogo! Walijadili asubuhi nzima jinsi nilivyotamka jina. Juu ya kanyanga wakasema kesi hiyo muzungu alikwisha kuikata, wao hawaigusi. Na wakaamua hivi: muke aliyemutaja papa mukwe mbele ya watu amejitoa mwenyewe katika nyumba hiyo, aende. Mutoto ni wa ng'ombe, abaki.

Niliponyamaza nilifungwa. Niliposema nikafukuzwa. Nifanye nini basi? Niambieni ninyi!

Papa yangu huko Masisi hakunipokea. Alituma mutu aniambie nimemupaka matope. Ndiyo sababu niko Mapendo na masufuria yangu.

Lakini nilichagua chumba hiki kwa sababu moja. Kiko karibu na robine, bomba la maji, ambako watu wa Murara wanakuja kuchota wakati maji yao yamekatika. Miaka yote hii nimekuwa nikiangalia foleni ya ndoo. Na juzi, wakati wa kiangazi hiki, nikamuona. Ana miaka saba, mwembamba, na sikio la kushoto limesimama kama langu. Ndoo ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Niliacha bugali jikoni iungue, nikaenda, nikamutwika. Akasema aksanti mama, kama anavyomuambia mama yeyote. Nikamuambia mimi ni Verediana, mama aliyemuzaa.

Aliniangalia. Maji yalikuwa yanamwagika begani mwake.

"Walisema ulikufa," akasema.

Nikamuambia hapana, sikufa. Akaenda polepole na ndoo yake, akageuka kuniangalia, akaenda tena.

Binti za kwetu munaosoma haya, waheshimuni wakwe zenu, sijakataza. Wapikieni, wafulieni, wainamieni. Lakini siku mutu anapotaka ubebe kosa lake, mutaje! Mutaje siku hiyo hiyo, mbele ya juji, hata sauti ikitetemeka, hata ukitapika. Musingoje kujifunzia buloko kama mimi. Na ninyi wanaume munaoangalia viatu vyenu... kwenu sina la kusema, mutajibu wenyewe.

Leo asubuhi maji ya Murara hayakukatika. Furaha alikuja robine hata hivyo, na ndoo ndogo, akasimama karibu na mulango wangu. Akauliza kama kweli nilikuwa hai siku zote. Nikasema ndiyo.

"Basi kwa nini hukuja kunichukua?"

Nilikuja, naye alijificha kwa kuniogopa; nimekaa tangu asubuhi na kalamu hii ninatafuta namna ya kumuambia hilo mutoto wa miaka saba bila kumubebesha kosa.