Kope za Bichage

Karibu na Kehancha, kila mtu alijua mambo mawili kuhusu Bichage. La kwanza, alikuwa na jiwe jeusi la kunyonya sumu ya nyoka, alilorithi kwa babu yake. La pili, siku ya kufunga tumbaku alishikwa na usingizi. Majani yakimwagwa tu chini, kope zake zinaanza kushuka. Mke wake Rael alifunga majani kwenye vijiti mpaka vidole vikawa vyeusi, huku bwana akikoroma kitini.

Asubuhi moja Bichage alikwenda kutoa kuni za kukaushia tumbaku. Alikuwa amevaa ndara. Nyoka mweusi akatoka kwenye kuni, akamuuma mguuni.

Bichage hakuogopa hata kidogo. Aliufunga mguu kwa nguvu kwa kamba ya tumbaku, akaweka jiwe kwenye jeraha. Jiwe likanata. Mguu haukuvimba sana. Alimwambia Rael asiwe na wasiwasi, kwa sababu sumu yote ilikuwa inaingia kwenye jiwe. Kisha akakaa kwenye kiti chake apumzike.

Baada ya muda, kope zikaanza kushuka.

Rael alikuwa mbele ya rundo la majani. Alikasirika kweli kweli.

"Baba Matiko, leo umetafuta mpaka nyoka akusaidie kukwepa kazi?"

Bichage alijaribu kujibu, lakini ulimi ulikuwa mzito. Rael akasema sasa hata kuongea anaona uvivu. Akaendelea kumsema, na alikuwa na mengi ya kusema.

Bahati nzuri jirani yao Millicent, ambaye ni muuguzi, alikuja kununua mayai. Alimwambia Bichage afungue macho. Macho hayakufunguka. Mate yalikuwa yanamtoka mdomoni.

"Mama Matiko, huyu hajalala," Millicent alisema. "Anasikia kila kitu. Ni misuli ya macho imekataa."

Rael aliangusha majani. Akamkimbilia mume wake.

Millicent alimpigia simu Sammy wa boda boda. Wakati wakimngoja, alifunga ubao kando ya mguu ili usisogee, na akakataza mtu yeyote kuchanja jeraha. Rael alitaka kujua kwa nini jiwe limeshindwa, na lilinata vizuri.

"Linanatishwa na damu tu. Sumu imeshaenda mbali. Ndani yake kuna protini, vitu vidogo sana. Na juu ya misuli kuna sehemu zinaitwa vipokezi. Wewe fikiria ni viti. Neva ikitaka kope ifunguke, inatuma mjumbe. Mjumbe anakaa kwenye kiti, msuli unafanya kazi. Sasa protini za sumu zimekalia hivyo viti. Mjumbe akifika, hana mahali pa kukaa."

"Na zikishakaa zinafanya kazi gani?"

"Hakuna. Zinakaa tu."

Rael alimtazama mume wake kitini. "Hiyo naielewa vizuri," alisema.

Millicent alitabasamu kidogo tu. Alieleza kwamba sumu ikikalia viti vya misuli ya kupumua, mtu anakosa hewa na kufa. Dawa ya hospitali hukamata sumu ikiwa bado kwenye damu. Iliyokwisha kukaa haiondoki kwa urahisi. Ndiyo sababu mgonjwa apelekwe mapema.

Sammy alifika. Bichage aliwekwa katikati, Rael akamshikilia kwa nyuma. Hospitalini waliilegeza kamba polepole. Mguu ulikuwa umebadilika rangi. Daktari alisema kamba haizuii sumu, ila inaweza kumfanya mtu akatwe mguu. Bichage alipewa dawa na kusaidiwa kupumua.

Kesho yake kope zilifunguka. Alimtafuta Rael kwa macho.

"Nilisikia yote," alisema.

Rael alicheka huku analia.

Siku hizi lile jiwe linazuia mlango wa nyumba ya tumbaku usipigwe na upepo. Bichage huvaa gambuti akienda kwenye kuni. Jirani mwingine, Omanga, alipoumwa na nyoka akaja kuomba jiwe, Bichage alimkataza kutembea, akamwita Sammy. Omanga alipona.

Tatizo limebaki moja. Siku ya kufunga tumbaku, kope za Bichage zikishuka hata kidogo, Rael anamrukia na kuzifungua kwa vidole vyake vyeusi, huku akipiga simu kwa Sammy. Imebidi Bichage afunge tumbaku.