Mposaji Kutoka Soba

"Wewe! Iache hiyo suruali kabla sijakuitia watu!"

Kijana aliyechuchumaa mbele ya rundo la suruali za kulalia aliinua kichwa. Alhamisi alasiri pale soko la Ataba hata mpiga honi hajisikii, lakini sauti ya Rabab ilisikika. Mkononi kijana alikuwa na kamba ya kiunoni aliyokwisha kuichomoa, na nyingine kadhaa zilimlalia gotini.

"Nanunua, dada. Ila nazitaka bila kamba."

"Bila kamba! Zikiwavuka?"

"Tutatia mpira."

"Wavaaji wako jela?"

"Wakikasirika hupaita hivyo hivyo." Alicheka. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi vizuri kuliko mashati yote ya soko lile. "Mimi ni mlezi wa vijana kwenye soba, nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya, huko Mokattam. Kijana akiacha unga, siku za mwanzo huchukia hata roho yake. Hatumwachii kamba, mkanda wala uzi wa viatu."

Rabab akakunja mikono ya gauni lake la zambarau, akakaza mtandio wa njano kisogoni, akachuchumaa naye kuchomoa kamba.

"Kumbe daktari."

"Daktari wapi! Nilikuwa teja. Sasa mwaka wa nne sigusi."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja kwao. Rabab alikua katika duka la baba yake akisikia wanaume wakidanganya kila kitu, kuanzia kipimo cha kiuno mpaka idadi ya wake. Huyu alitaja aibu yake bila kuulizwa. Alimpenda papo hapo, na asiyeamini hayo hajapenda bado.

Jina lake Wagdi, na kabla hajaondoka walipeana namba. Zamuni simu yake hufungiwa kabatini. Aliipata baada ya magharibi tu, wenzake wakishika zamu ya uwanjani.

"Umechelewa," Rabab alimwambia simuni jioni moja. "Nimeshaanza kumpenda muuza wali wa koshari."

"Mwache huyo, vitunguu vyake vitakuliza kila siku."

"Afadhali kulia na shibe."

"Rabab, roho yangu, nije kwenu?"

"Uje na nini?"

"Na mimi mwenyewe. Na sinia la keki ya basbusa."

Baba yake, Haji Zaghlul, alikataa katakata. "Teja ni teja, hata akioga kwa marashi." Rabab akagoma kupika, akagoma kufungua duka, akagoma kununa pia, alitembea nyumbani akiimba, jambo lililomuudhi Haji kuliko yote. Mwishowe mzee akasema, "Aje, nimwone usoni, nimfukuze kwa adabu."

Wagdi akaja. Wakakaa sebuleni kwenye viti vya dhahabu ambavyo havijavuliwa nailoni. Rabab alivaa hariri ya waridi na viatu virefu vilivyombana. Kaka yake Tamer, kijana mzuri wa nywele za mawimbi, aliandaa sharubati, akasema mzaha, kisha akaenda chooni. Joto lilikuwa la kuchoma, lakini shati lake lilifungwa vifungo mpaka vifundoni mwa mikono.

Haji akauliza habari za nyumba na pete. Wagdi akajibu, lakini sikio lake lilikuwa kwingine. Katika soba, kijana akiingia chooni lazima aongee au aimbe mpaka atoke. Akinyamaza, mlezi hugonga. Hiyo ndiyo kazi, na mtu akiifanya miaka haimwulizi tena ruhusa. Kabla hajajua anafanya nini, Wagdi alikuwa amesimama ukumbini akigonga mlango wa choo cha watu.

"Nisikie sauti yako, kijana!"

Tasbihi ya Haji ilianguka.

"Umekuja kuposa," mzee akauliza polepole, "au kulinda wanaume chooni?"

Tamer akatoka akicheka. "Ameshanifanya mgonjwa wake!"

Wagdi akamtazama. Mboni za Tamer zilikuwa ndogo kama ncha za sindano, dalili ya unga. Angeweza kusema samahani, akala basbusa, akasomewa Fatiha ya uchumba jioni ile ile. Hakuweza.

"Haji, nisamehe kwa kugonga. Kwa shaka yangu siombi radhi. Mtazame mwanao macho."

"Toka nyumbani kwangu!"

Rabab alimfuata ngazini, viatu mkononi.

"Siku moja! Siku moja tu imekushinda kuwa mchumba?"

"Rabab, kaka yako..."

"Nyamaza! Nimekupigania nikiwaambia umepona. Kumbe wewe kila umwonaye ni teja mwenzio!"

Maneno hayo yalimchoma. Akashika reli ya ngazi.

"Nichukie unavyotaka," alisema. "Lakini mtazame macho."

Rabab akaifungia namba yake. Akafungua duka, akauza, akacheka na wateja, na usiku akalowesha mto. Macho ya Tamer hakuyatazama. Aliogopa kuyatazama, na mimi simlaumu. Wengi wetu mtaani tumefaulu kutoona mambo makubwa kuliko hayo.

Ijumaa moja Haji alikuwa msikitini, Rabab anakaanga mabilingani. Maji ya chooni, alimokuwa Tamer, yakawa yanatiririka tu. Akazima jiko. Akajikuta anagonga.

"Tamer, sema kitu. Niimbie, basi. Tamer!"

Jirani akauvunja mlango. Tamer alikuwa amelala sakafuni, midomo ya buluu. Hospitali walimrudishia fahamu kwa shida, na alipoweza kusema, alisema, "Nipelekeni kwa yule aliyegonga kwanza."

Wagdi ndiye aliyewafungulia lango la soba. Hakuuliza kitu, alimpokea Tamer begani kama anapokea ndugu wa safari, akampitisha ndani kwa wenzake. Haji akamvuta pembeni.

"Mwanangu, yaliyopita si ndwele. Mtaani nimesema Tamer yuko Kuwait kikazi. Mponye kimyakimya, na binti nakupa."

"Tamer tumeshampokea, Haji, bila sharti. Na nikiwa shemeji yake atalelewa na mwenzangu, ndivyo tunavyofanya hapa. Lakini Rabab si malipo ya kufunga mdomo."

"Na mimi je?" Rabab aliwakatiza. "Mnaninadi langoni kama suruali za mtumba?"

Haji akasogea kando. Wawili wale wakatazamana.

"Nilikutukana," Rabab alisema.

"Ulinitukana."

"Sema huna kinyongo."

"Ninacho. Kidogo."

"Kinatibika?"

"Basbusa yangu mliila?"

"Tuliila yote. Nililamba na sinia, nikilia."

Wagdi akacheka, na Rabab akacheka huku machozi yanamtoka.

"Bado unanitaka?"

"Nakutaka kuliko nilivyowahi kuutaka unga, na wewe hujui hicho ni kiasi gani. Lakini siingii katika nyumba inayosema watu kama mimi wako Kuwait. Mimi nikianza kujificha, mpenzi, nitaurudia unga."

Rabab alijifuta uso, akamshika baba yake mkono, wakaondoka.

Kesho yake Ataba ilifurika kama kawaida. Muuza soksi wa jirani akapaza sauti: "Haji, Tamer kafika salama Kuwait?"

Haji alifungua mdomo. Rabab akawahi kupanda kigoda.

"Kaka yangu hayuko Kuwait! Yuko Mokattam, anatibiwa unga. Na mchumba wangu ni mlezi huko huko, na yeye alikuwa teja. Anayetaka kucheka acheke sasa, nimwone meno!"

Hakuna aliyecheka. Muuza soksi akainamia soksi zake. Haji alibaki ameshika kitambaa, uso umemwiva, kama mzee aliyevuliwa kilemba hadharani.

Mteja mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akipapasa shuka, akaiacha. Akamsogelea Haji, si Rabab, akasema kwa sauti ndogo:

"Mwanangu ana umri wa Tamer. Hiyo soba iko wapi?"

Haji akaweka kitambaa chini.

"Panda mpaka juu kabisa Mokattam," alisema, kisha akaendelea kwa nguvu, mpaka muuza soksi akasikia. "Ukifika mwulize mlezi Wagdi. Mwambie umetumwa na baba mkwe wake."