Ufa Uliofuata Wavu

Kila Jumamosi, Solveig Lindahl akishamaliza kuzoa theluji mlangoni kwao Duluth, mji wa Marekani ulio kando ya ziwa kubwa, anakula uji wa shayiri huku mama yake akipasua meli. Usicheke. Anazipasua ndani ya kompyuta, aone ufa utapita wapi kabla haujaua mabaharia ziwani.

Jumamosi ile uji uliganda bakulini. Maonyesho ya sayansi ni saa nane mchana, shule inapeleka mwanafunzi mmoja tu kwenye mashindano ya jimbo, na Solveig miaka miwili mfululizo katoka mikono mitupu. Safari hii mradi wake ulikuwa kubashiri ufa kwa kompyuta, kama mama. Alivunja vipande vya plastiki vyenye tundu, na kila ufa ulipinda kufuata tundu. Ila kwenye kompyuta yake ufa ulinyooka tu, kama vile tundu halipo.

"Nimekwisha," akamwambia Curtis, mtoto wa jirani.

Kompyuta ilikigawa kipande kwa wavu wa mistari, na ufa uliweza kupita kwenye nyuzi za wavu huo tu. Curtis akaangalia, akacheka.

"Sasa unalia nini? Si unajua ufa ulipita wapi? Laza nyuzi njia hiyohiyo. Utapinda tu, utake usitake."

"Si wizi huo?"

"Umeiba uzi wa nani?"

Akazilaza. Ufa ukapinda vizuri kabisa. Mama akaja, akatazama. Akauzungusha wavu kidogo, kipande kikabaki vilevile. Ufa nao ukazunguka, ukaliacha tundu mbali.

"Ufa huu unafuata nini, mwanangu?"

"Nyuzi."

"Na nyuzi kalaza nani?"

Solveig akaangua kilio. "Mama, saa tano hii. Wavu wa kwanza mbovu, huu wa uongo. Sina kitu kabisa."

"Wa kwanza ulikuwa na miraba mikubwa, yote imenyooka. Ungepindia wapi? Tawanya pembetatu ndogondogo, ovyoovyo, kila upande. Na tundu usililenge."

"Kompyuta itachelewa kuhesabu, mama Solveig," Curtis akasema. "Ikikwama je?"

Solveig akafuta kamasi. "Nitasema imekwama."

Wakaibeba mashine hadi shuleni ikiwa bado inahesabu. Mwamuzi alipofika mezani, ufa ndiyo kwanza ulikuwa unapinda. Ukalikaribia tundu, ukapita pembeni kidogo.

"Hapa umekosea," mwamuzi akasema, akionyesha kipande cha plastiki kilichovunjika.

"Ndiyo, kidogo. Asubuhi nilipatia kabisa, lakini nilikuwa nimedanganya."

Akamweleza yote. Mwamuzi akavuta kiti, akakaa, akauliza maswali mpaka wa meza za jirani wakanuna. Jioni jina lililosomwa lilikuwa lake.

Ndani ya gari Solveig akauliza, "Na nisingesema?"

"Pengine ungeshinda vilevile," mama akasema. "Kompyuta ukiilazimisha ikubali unachotaka, inakubali. Lakini meli haijui ulitaka nini, Solveig. Yenyewe inapasukia inapopasukia, na watu wamo ndani."