Msichana wa Kwenye Wimbo

Umeme wa Tarime hauna adabu. Hukatika mtu akiwa amenyolewa nusu kichwa, na Alhamisi ile ulikatika Dorka Olima akiwa katikati ya ubeti.

Alikuwa ndani ya duka la vitenge la Mama Agustina pale Bomani, amevaa gauni la manjano lililomkaa vizuri kiunoni na raba nyeupe, nywele kasuka twende kilioni. Dorka alikuwa fundi cherehani, na siku hiyo alifuata kitambaa cha sare za kwaya. Spika ya mlangoni ilikuwa inapiga wimbo wa injili, naye akawa anaufuatisha bila kujijua huku anapapasa vitenge. Umeme ukaenda zake, spika ikanyamaza, Dorka akaendelea. Mistari miwili mizima. Aliposhtuka, duka zima lilikuwa linamtazama, na mlangoni amesimama kijana mrefu mwenye shati la drafti na hedifoni shingoni.

"Usinyamaze, dada," kijana alisema. "Umeme ukirudi tutakukosa."

"Kwani wewe unauza umeme?"

"Narekodi watu. Nina studio hapo nyuma ya saluni."

Jina lake Mogesi, Mkurya, na alikuwa ametoka tu kununua waya wa maiki. Mama Agustina alicheka mpaka akakaa. Dorka alimwambia kijana kwamba Wakurya aliowazoea yeye huwa hawaombi, huamrisha. Mogesi akajibu kwamba yeye anaomba, na kama inabidi ataomba mpaka jioni. Aliondoka na namba ya simu. Waya wa maiki aliusahau juu ya meza ya duka.

Basi zikaanza simu za saa saba mchana. Fundi wangu, umekula? Nimekula, prodyuza wangu, na wewe? Mwezi mmoja haukuisha, na mafundi wenzake Dorka walikuwa wameshajua kwamba saa saba ikifika cherehani yake itanyamaza.

Dorka alikuwa na wimbo mmoja tu aliotaka kuurekodi. Ulikuwa wa kumshukuru Dani, kama Wajaluo wanavyomwita bibi, mzaa mama yake, aliyemlea huko Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, baada ya mama yake kufariki. Macho ya Dani hayakuwa yanaona tena, na watu aliwajua kwa sauti. Dorka alitaka bibi awe nayo sauti yake pale kitandani, hata siku ambazo yeye hawezi kuvuka mpaka.

Mogesi alimwita mjomba wake Mseti kutoka Matongo aje na litungu lake, lile zeze kubwa la nyuzi nane ambalo mzee hulibana katikati ya magoti. Walirekodi mara moja tu, mzee anapiga, Dorka anaimba, Mogesi yuko nyuma ya kioo. Kisha Mogesi akajifungia siku tatu. Kwenye kompyuta sauti ya mtu huonekana kama mstari unaopanda na kushuka, na kila mahali mstari wa Dorka ulipoachana na noti za kinanda, aliukamata akaurudisha. Aliponyoosha sauti, litungu nalo likasikika limepinda, akalinyoosha pia. Alifanya kwa upendo kabisa, kama mtu anayempigia pasi mpenzi wake gauni la harusi. Ila hakumwambia.

Na mimi nitasema ukweli, maana Dorka mwenyewe aliuficha kwa muda: alipousikia mara ya kwanza aliupenda. Alilia kwa furaha. "Ni mimi huyu?" aliuliza, na Mogesi akasema ni wewe. Madereva wa bodaboda wakauweka kwenye simu zao. Watu wakaanza kumpongeza njiani.

Kisha akampigia Dani, akausogeza wimbo kwenye simu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Imeimbwa vizuri," Dani alisema. "Hii ni nani anaimba? Na Dorka wangu ataimba lini?"

Dorka alikwenda studio kwa miguu, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Alimuuliza Mogesi amefanya nini. Mogesi alimweleza, tena kwa fahari, kwamba wote hunyooshwa siku hizi, hata wale wakubwa, na kwamba kunyoosha nako ni ufundi, si kila mtu anauweza.

"Wewe mwenyewe unaweka sponji mabegani kwenye suti za watu," alisema. "Huo ni udanganyifu?"

"Mteja wangu huomba sponji. Mimi niliomba?"

Mogesi akaigeukia kompyuta.

"Bibi yangu hanijui, Mogesi. Umemletea msichana mwingine. Na huyo ndiye unayempenda, ndiyo maana ulikaa naye siku tatu."

Akaondoka. Saa saba ya kesho yake simu iliita, cherehani haikunyamaza.

Zilipita wiki mbili za kuchanganyikiwa. Mogesi hakuelewa kosa lake, maana kwake yule wa kwenye wimbo na yule aliyempenda walikuwa mtu mmoja. Dorka naye hakujielewa. Akiwa anaoga alijaribu kuimba kama yule msichana wa kwenye wimbo, akashindwa, akamwonea wivu. Akipita stendi na kusikia bodaboda zinaupiga, alitaka uzimwe, na ukizimwa aliumia. Siku moja alisema ni wizi, siku ya pili akasema labda ndivyo angeimba kama angesoma muziki. Alimpenda Mogesi na hakutaka kumwona. Ukiniuliza mimi nani alikuwa na haki, ningekuomba uniulize jambo jingine.

Aliyeleta mwanga kidogo ni mzee Mseti. Alikuja Bomani kusikiliza kazi yake, na kwa kuwa hakuzoea kukaa bure muziki ukipigwa, akachukua litungu lake apige pamoja na wimbo. Halikukubali. Uzi wa tatu uligombana na spika. Mzee akadhani safari imelilegeza, akaanza kuukaza, kisha akausimamisha mkono.

"Huu uzi nimeufunga kama alivyoufunga baba yangu," alisema. "Nani kanisogezea?"

Mogesi akabonyeza kinanda kutafuta ile sauti. Hakuipata. Ilikuwa inakaa katikati ya vibao viwili, mahali ambapo kinanda hakina kibao. Akaifungua sauti ya Dorka ya mwanzo, ambayo haijaguswa, mzee akapiga juu yake, na uzi na sauti vikalala pamoja. Dorka alikuwa amemfuata mzee wakati wote. Mogesi akakaa chini. Alikuwa amemrudisha njiani mtu ambaye hakupotea.

Akaiomba simu ya mjomba.

"Shikamoo, mzee," Dorka aliitika upande wa pili.

"Ni mimi."

"Umeiba simu ya mzee?"

"Nimeazima. Dorka, hukukosea. Ulikuwa unafuata litungu. Mimi nilifuata kinanda, nikakukosea wewe na mjomba."

Dorka akamwambia arudie, na aseme polepole. Akarudia.

Jumapili baada ya ibada Dorka alipanda bodaboda kwenda Matongo, kwa mzee Mseti, kama walivyopatana. Alivaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, mabegani hakuweka kitu. Mogesi alimpokea getini, hajui kama ampe mkono au amkumbatie, akaishia kumpokea mkoba. Walikaa uani, wakausikiliza wimbo ulivyokuwa siku ile ya kwanza, kwenye spika ndogo iliyowekwa juu ya kigoda. Dorka aliitambua sauti yake, akatabasamu, halafu ulipofika mstari wa mwisho akakunja uso.

"Hapo litungu halina kosa," alisema. "Hapo nimepotea mwenyewe. Ninyooshee."

"Sinyooshi."

"Juzi ulinyoosha bila kuombwa. Leo naomba, unakataa?"

"Hapo ulikuwa unaniangalia mimi kwenye kioo. Nilikuona."

Mzee Mseti alikumbuka ghafla kwamba ana ndama wa kuangalia. Dorka aliinamisha kichwa, akawa anaokota nyuzi kwenye pindo la gauni ambalo halikuwa na uzi hata mmoja. Hapo ndipo hadithi hii ilipozidi kunichanganya, maana aliyelaani kunyooshwa sasa ndiye aliyekuomba, na aliyenyoosha kwa fahari alikuwa ameikumbatia spika ili usiguswe mstari mmoja mbovu.

"Nilikuwa nakuangalia, ndiyo," Dorka alisema hatimaye. "Na Dani atasikia."

"Asikie."

Wakampigia. Wimbo ukapita wote kwenye simu, na kabla haujaisha walisikia bibi anaguna upande wa pili.

"Dorka," Dani alisema. "Hii ni wewe, mama. Lakini huko mwisho umekosea. Nani alikuwa anakusumbua?"

Dorka alimtazama Mogesi. "Yuko hapa, Dani."

"Mpatie simu."

Mogesi, aliyekaa miaka mitano akinyoosha sauti za wenzake, aliipokea simu kwa mikono miwili. Shikamoo yake ilikatika katikati, kama ya mvulana anayebalehe.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Naitwa Mogesi, Dani. Naomba... naomba kumwoa Dorka."

Sauti ilimpanda pasipotakiwa ikamshuka pasipotakiwa. Dorka aliziba mdomo kwa kiganja, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Sema tena," Dani alisema. "Nataka nikujue sauti."

Mogesi akasema tena, na safari hii ilitetemeka zaidi.