Bibi Anataka Uso

Soko la vifaa vya umeme lilifurika siku hiyo hata pa kuweka unyayo hapakuwepo, na katikati ya msongamano ule akaja kijana mrefu, ovaroli lake lina madoa ya rangi zote, amekumbatia kompyuta iliyofunikwa shuka la maua.

"Mtoto anaumwa nini?" aliuliza Fundi, mwanamke mweusi tii, kitambaa chekundu kichwani, bisibisi ameipachika sikioni.

"Homa, daktari. Anapumua kwa shida."

"Na mama yake yuko wapi?"

"Ndiye namtafuta."

Meza za jirani zikaangua kicheko. Fundi alijikaza asicheke, akashindwa. Hivyo ndivyo alivyompata kijana huyo, Brashi, mpaka rangi wa nyumba, na tangu hapo simu yake haikupoa.

"Umekula, roho yangu?"

"Nashiba sauti yako."

"Basi utakonda!"

Wakaja kugombana kwa jambo la mafundi. Siku moja Fundi alikwenda nyumbani kwa Brashi, alikoishi na bibi yake, akaiwasha ile kompyuta na kukuta programu ya kuongeza kasi ambayo yeye hakuiweka. Mkono mwingine ulikuwa umepita.

"Nani ameishika mashine hii?"

Brashi akatazama dari. "Aa... mtu tu."

"Mtu tu! Kumbe tuko wengi?"

Usicheze na wivu wa fundi. Alibeba begi lake akaondoka, na simu za Brashi hakuzipokea tena. Usiniulize alilia kiasi gani, macho yalimvimba.

Hata mchana mmoja ikaita namba asiyoijua, akapokea.

"Usikate! Sikupigii kama mpenzi, nakupigia kama mteja. Kompyuta imekata mtandao, na mdogo wake bibi, yule wa ng'ambo, anapasuliwa moyo leo."

"Si aongee naye kwa simu?"

"Ameongea. Anasema sauti ameshaisikia, sasa anataka uso. Na macho yake unayajua, kwenye kioo cha simu haoni kitu. Fundi, kama mdogo wake hatarudi je?"

Fundi alikwenda mbio. Alimkuta bibi amevaa gauni lake la kutokea, amejipaka poda, ameketi mbele ya kompyuta. Waya ulikuwa mzima, taa zinawaka, lakini kiooni paliandikwa: itifaki ya mtandao haipo.

"Itifaki ndiyo nani?" bibi aliuliza.

"Ni adabu ya mazungumzo, bibi. Mashine hazisemi hovyo. Moja inapiga hodi, nyingine inaitika, ya kwanza inatoa neno, ya pili inajibu nimelipata. Hii yenu imesahau kupiga hodi."

"Maskini. Imezeeka kama mimi."

Fundi alifungua dirisha la amri, akaandika, akazima na kuwasha. Wapi! Jasho likamtoka.

"Nani ameing'oa?"

"Mimi," alisema Brashi. "Na ile programu niliiweka mimi. Hakuna fundi mwingine, nakuapia. Nilikuwa najifunza. Ulipokasirika nikaing'oa, ikaondoka na kitu cha watu."

"Unajifunza ili iweje? Mimi sikutoshi?"

"Kila ukija hapa unakuja kutengeneza. Nilitaka siku moja uje ukae tu, mpenzi, nami nikuchemshie chai. Niliona aibu kukwambia."

Muda ulikuwa unayoyoma. Fundi alichomeka flashi yake, akairudisha itifaki kutoka kwenye nakala aliyoitunza, akawasha upya.

Uso ukatokea. Mwanamke mzee, vazi la hospitali, nyusi zilezile za bibi. Bibi aliweka kiganja kwenye kioo, na ng'ambo ile kiganja kingine kikainuka.

Siku zote mtandao ukirudi Fundi hufunga begi akaenda zake. Hakuwahi kubaki aone unaleta nini. Uso ule ulikuwa umekatwakatwa vipande visivyohesabika, kila kipande kimevuka bahari, kimepiga hodi, kimeitikiwa, na sasa vimeungana hapa mezani, hata ukope mmoja haukupotea. Mungu wangu! Mwili ulimsisimka, akavuta kiti akaketi.

"Huyo nyuma yako nani?" uso uliuliza.

"Mke mwenzangu," alisema bibi. "Ndiye amekuleta. Mume wetu huyu hapa, anaogopa kusema."

"Ameshakubali?"

Brashi akapiga goti palepale. "Nisamehe, mpenzi. Nikuoe?"

Kiooni walitokea wauguzi wawili wakisukuma kitanda.

"Upesi, mjukuu wangu," alisema yule mgonjwa. "Wamekuja kunichukua, nataka niende na jibu."

"Nimekubali!" Machozi yalimtiririka Fundi hadi kidevuni. "Lakini bibi, harusi hatufungi mpaka utoke huko, utuone."

"Basi imenibidi nirudi," alisema, akacheka, na wauguzi wakamchukua.