Ziwa la Kushoto

Siku ile gerezani, upande wa wanawake, walikuwepo Faudhia, askari wa zamu, aliyekuwa na mtoto mchanga nyumbani. Sajini Marselina, mkubwa wake wa kazi. Maua, mfungwa mtu mzima, nyapara wa wenzake. Na Halidi, mtoto anayenyonya, ambaye hakuwa na kosa lolote ila kwamba mama yake alikuwa mahabusu. Mama huyo, Mboni, hakuwepo. Alipelekwa mahakamani asubuhi, na Halidi akaachwa kwa sababu aliamka na homa.

Lilikuwa gereza dogo, nje kidogo ya Kongowe. Karandinga lililowabeba mahabusu lilitakiwa kurudi adhuhuri, likaharibika njiani. Halidi akaanza kulia. Maua alimpa uji kwa kijiko, akautema. Akamfunga mgongoni kwa kanga yake mwenyewe, akamzungusha uani huku akimwimbia, mtoto akalia mpaka sauti ikakwaruza.

"Afande, huyu hataki uji wala wimbo," Maua alisema. "Anataka kitu ambacho kwangu kilishakauka zamani."

Faudhia alikuwa ameshalowa kifuani. Kila Halidi alipolia, maziwa yalimtoka yenyewe. Binti yake, Maulida, alikuwa nyumbani Pangani, si mbali na hapo, akilelewa na mama mkwe, na siku hizi Faudhia akirudi jioni na kunyoosha mikono, mtoto hugeuza uso na kumkumbatia bibi yake shingoni. Watu wakicheka, Faudhia naye hucheka. Lakini humuuma.

"Sajini, naomba nimpe ziwa."

Marselina alimtazama kidogo. Kisha akaenda kusimama mlangoni, akawapa mgongo, na kwa jinsi alivyojaa hakuna ambaye angeweza kuchungulia. "Mimi sioni kitu," alisema. "Fanya haraka."

Halidi alilidaka ziwa la kushoto akalivuta kwa pupa. Faudhia akafumba macho, akajifanya amempakata Maulida. Mtoto alipotosheka aliinua kichwa, akaangalia nyuma ya bega la Faudhia, akacheka, kama mtoto anavyomchekea mtu anayemjua. Nyuma ya Faudhia kulikuwa na ukuta tu.

Ikaja harufu ya ubani. Halafu harufu ya mkeka ulioungua.

"Nani anachoma mkeka?" Faudhia aliuliza.

"Mkeka gani?" Marselina alijibu bila kugeuka.

Mboni alirudi alasiri. Alimchukua mtoto wake, akamnusa mdomo.

"Nani kamnyonyesha mwanangu?"

Maua aliona uso wa Faudhia, akamwonea huruma. "Amekunywa uji tu," alisema.

Ulikuwa uongo wa wema. Laiti Mboni angeambiwa ukweli saa ile, mambo yangeishia pale pale.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, Faudhia alikaa kwenye mkeka nyumbani akampokea Maulida kutoka kwa Bi Mwanahalima, mama mkwe wake. Akampa ziwa la kushoto. Maulida hakuliangalia ziwa. Aliangalia pembeni yake, mahali ambapo palikuwa patupu, akapiga ukelele.

"Mama Maulida, umepaka nini leo?" Bi Mwanahalima aliuliza.

"Sijapaka kitu, mama."

Alijaribu ziwa la kulia, mtoto akajikunja na kulia zaidi. Bi Mwanahalima alipomwondoa ndipo Faudhia alipohisi midomo ikilishika ziwa lake la kushoto, midomo ya baridi, ikivuta polepole kama ya mtu asiye na haraka, na maziwa yakashuka, yakaisha, wakati mikono yake ilikuwa mitupu na nguo yake kavu kabisa.

Hakumwambia mtu.

Siku zilizofuata Maulida hakunyonya. Maziwa ya ng'ombe aliyatapika, uji aliukataa, mashavu yakaanza kubonyea. Zahanati walimpima wakasema hana ugonjwa. Bi Mwanahalima alikuwa akimlowanishia midomo kwa ncha ya kanga, na hakumruhusu Faudhia aamke usiku kumhudumia mtoto, akisema, "Lala wewe, una kazi." Asubuhi moja alifagia chumba akatoka na ufagio mkononi, rangi imemtoka.

"Umewasha redio chumbani?"

"Hapana, mama."

"Mbona kuna mwanamke anabembeleza mtoto mle ndani?"

Wakatega sikio wote wawili, na kweli wakaisikia, sauti nyembamba ya mwanamke akimbembeleza mtoto asiyekuwepo, maana Maulida alikuwa hapo hapo mgongoni kwa bibi yake, na sauti ilipofika mwisho wa wimbo ilianza upya, na kila ilipoanza upya ilikuwa karibu zaidi na pazia la mlango, na pazia likavimba kuja nje bila upepo, na harufu ya mkeka ulioungua ikajaa ukumbi mzima.

Faraji, mume wake, fundi wa kuchomelea, alirudi siku hiyo akasema hayo ni mambo ya wanawake wasiolala. Akamnyanyua Maulida amweke mikononi mwa Faudhia. Ghafla akamwachia, bahati Bi Mwanahalima akamdaka. Viganja vya Faraji vilikuwa vimejaa malengelenge.

"Ni ya kazini haya," alisema.

"Umeme umekatika tangu asubuhi," mama yake alimwambia taratibu. "Umechomelea nini?"

Hapo ndipo Faudhia alipokumbuka kesi ya Mboni. Alishtakiwa kwa kuchoma nyumba ya mke mwenzake kule Kisarawe. Mke mwenza alipona, ila mikono yake yote iliungua. Mikono, basi.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Mboni uani mwa gereza anafua nepi.

"Mboni," alinong'ona, "ni mimi niliyemnyonyesha mtoto wako."

Mboni hakuinua kichwa. "Nilijua. Mwanangu alinukia mtu mwingine. Ungekiri siku ile, ningekuombea ruhusa pale pale." Alikamua nepi kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. "Uliona wivu ulivyonibana? Basi wangu ni mdogo. Kwetu kila mtoto ana mlezi wake asiyeonekana. Tangu kwa bibi wa bibi yangu. Ukitaka kumnyonyesha mtoto wa kwetu, unaomba ruhusa kwanza, kwa sauti, asikie. Mke mwenzangu alimnyonyesha bila kuomba, nyumba ikawaka. Umesikia ya mikono yake."

"Mimi sikujua."

"Wewe hakukuunguza. Amekupenda." Mboni sasa alimtazama, na macho yake yalikuwa na huruma. "Afande, hiyo ni mbaya zaidi. Akikupenda hataki uwe na mwingine. Una mtoto?"

"Ninaye," Faudhia alisema. "Hanyonyi tena."

"Nenda Chole, Kisarawe, umuulize bibi yangu, Mwanajuma. Mwambie nimekutuma mimi. Nenda leo, usingoje kesho."

Sajini Marselina alimpa ruhusa bila kumuuliza swali, akamchukulia zamu yake.

Faudhia, mkwe wake na Maulida walimkuta Bi Mwanajuma amekaa barazani anamenya mihogo, kikongwe mkali asiye na salamu ndefu. Bi Mwanahalima alimwamkia, "Shikamoo," akaitikiwa "Marahaba" kwa haraka. Akamtazama Maulida, ambaye sasa hakuwa na nguvu ya kulia, akatupa kisu.

"Mmechelewa. Leteni hicho chano."

Akaweka juu ya sinia hilo la mbao ubani, marashi, mayai na kipande cha mkate wa kumimina. Akafunga dirisha. Mchana ukabaki kwenye nyufa za mlango. Alipofukiza, moshi haukupanda juu, ulitambaa chini mpaka miguuni kwa Faudhia, ukampanda, ukamzunguka kiunoni na kifuani kama mkono wa mtu anayedai kuwa ni wake, na Faudhia akahisi ile midomo tena, ikivuta kwa nguvu mpaka mgongo ukamuuma, huku Maulida akitetemeka mapajani kwa bibi yake, na kinywa cha Bi Mwanajuma kikafunguka, ikatoka sauti ya mwanamke kijana.

"Sikuvamia. Niliitwa."

"Nani alikuita?" Bi Mwanahalima alithubutu kuuliza.

"Yeye. Alimpakata mwanangu huku moyo wake unaungua kwa wivu. Anakuonea wivu wewe, mama mtu mzima. Kila jioni anatamani mikono yako ikatike ili mtoto amrudie. Mimi na yeye ni kitu kimoja. Huyo mtoto wake wa nini? Mwacheni aende. Nitamtunza mimi."

Faudhia alianza kulia. Hakuweza kumtazama mkwe wake. Lakini Bi Mwanahalima alisogea, akampakata Maulida kwa mkono mmoja na kwa mwingine akamfuta machozi.

"Mwanangu, si ungeniambia? Ningekuwa nakupisha kila jioni." Kisha akageukia moshi. "Huyu si wako. Wivu wake ni wa mama. Mimi nimeusamehe. Mwachie mjukuu wangu."

Midomo ikalegea kidogo.

"Ana maziwa mawili," ile sauti ilisema. "La kulia la mtoto wake. La kushoto langu. Akikataa, nachukua yote, na mtoto."

"Chukua," Faudhia alisema. "Chukua la kushoto."

Moshi ukaanguka. Bi Mwanajuma akakohoa, akaomba maji kwa sauti yake ya uzee. Bi Mwanahalima hakungoja. Alimweka Maulida kifuani kwa mama yake upande wa kulia, mtoto akatafuta, akapata, akanyonya mpaka jasho likamtoka. Wanawake watatu walikaa wakimsikiliza anavyomeza.

Mboni alishinda kesi, akarudi Chole na Halidi. Faraji alipona mikono. Maulida yuko darasa la pili sasa, na jioni humkimbilia mama yake kwanza, halafu bibi yake. Faudhia hajazaa tena. Ziwa la kulia lilikauka Maulida alipoachishwa. La kushoto hujaa kila mchana, na kila jioni huwa limekwisha kunyonywa.